Skrini Yako Haikukauka: Kuchapa Fulana Nyumbani Mtwara kwa Laki Tatu na Nusu

"Shikamoo fundi. Naishi Chuno, Mtwara mjini. Nina chumba kimoja cha uani, laki tatu na nusu ya kuanzia, na mtoto wa miaka mitatu. Nataka kuprinti fulana na mifuko kwa skrini. Nimejaribu mara mbili kwa kufuata video: nilipaka dawa usiku taa ikiwa imezimwa, nikaiacha ikauke mpaka asubuhi, nikaiweka juani na kioo juu yake. Nilipoosha, dawa yote ikatoka, maandishi na pembeni yake, meshi ikabaki nyeupe. Jirani anasema bila mashine ya mwanga na hariri halisi najisumbua bure. Fundi, ninunue nini, na nisinunue nini?"

Marahaba mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na jibu lake limo ndani ya neno moja uliloliandika mwenyewe: usiku. Jua lako halikuwa na kosa, kitambaa chako hakikuwa na kosa, na mashine ya mwanga huihitaji. Skrini yako haikukauka.

Dawa ile ya kupaka kwenye meshi, yaani wavu wa skrini, ambayo wauzaji huiita emalsheni, inageuka ngumu inapopigwa na mionzi ya urujuanimno, na jua la kwetu limejaa mionzi hiyo. Palipozibwa na wino mweusi wa filamu, ile plastiki angavu iliyochapwa mchoro wako, hapagandi, panatoka na maji, na hapo ndipo rangi itakapopita. Lakini dawa yenye maji ndani yake haigandi sawasawa hata uiache juani mpaka ikuchoshe. Ukiigusa kwa kidole utadhani imekauka, kwa kuwa ngozi ya juu ni kavu. Ndani bado mbichi. Ukimwagia maji inateremka yote kama uji, vile vile ulivyoona wewe.

Sasa fikiria usiku wa pwani. Nguo ulizosahau kwenye kamba jioni, asubuhi unazikuta na ubichi ambao hukuziachia. Chumvi kwenye kikopo inalowa. Hewa ikipoa haina tena nafasi ya kubeba maji mengine, kwa hiyo haiwezi kuyatoa kwenye dawa yako. Mchana hewa hiyo hiyo ikipata joto inakuwa na kiu, na inanyonya. Wanaofundisha kwenye video wengi wako kwenye nchi zenye hewa kavu au wana mashine za kupunguza unyevu chumbani. Wanapaka usiku kwa sababu usiku kuna giza, na kwao inakubali. Kwetu giza na ukavu haviji pamoja. Inabidi utengeneze giza la mchana.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara hapa Lindi. Karibu miezi minne nilibadilisha dawa, nikabadilisha kioo, nikamlaumu muuzaji, na skrini tatu kati ya nne zilikuwa zinatoka dawa yote kwenye kuosha. Siku moja nilichelewa, nikapaka asubuhi ndani ya stoo yenye mabati juu, nikaipiga mwanga mchana ule ule. Ikashika kila herufi. Tangu siku hiyo sijapaka dawa usiku.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza na jasho lako la kwanza liende kwenye kabati la kukaushia. Tafuta kabati la nguo lililochakaa, au boksi kubwa la friji, maduka mengi watakupa. Ziba kila upenyo wa mwanga kwa tepu nyeusi. Toboa tundu chini upande mmoja na tundu juu upande wa pili, na kila tundu ulizibe kwa ndani na kipande cha boksi kilichosimama mbali na tundu kwa vidole viwili hivi, ili hewa ipite kwa kuzunguka na mwanga ugonge hapo uishie. Feni ndogo ya mezani iweke nje ya tundu la chini ikisukuma hewa ndani. Ndani gongomea vijiti viwili kama reli za droo ili skrini ilale juu yake, upande utakaogusa fulana ukiwa chini.

Usiingize jiko la mkaa humo wala ndani ya chumba kilichofungwa kwa nia ya kuharakisha. Hewa ya mkaa isiyo na harufu inaua watu waliolala, na majivu yake yatakaa kwenye dawa mbichi.

Ratiba yangu ni hii. Saa 3 asubuhi napaka dawa, chumba kikiwa na blanketi dirishani na taa hafifu ya njano. Saa 7 mchana skrini inatoka kabatini ikiwa imefunikwa kitambaa cheusi, na kabla ya saa 8 na nusu imeshaoshwa. Kuijua kama imekauka, weka kipande cha filamu kwenye kona yake, kandamiza kioo juu kwa dakika moja, kisha kiinue. Filamu ikinata au ikiacha alama ya kung'aa, irudishe kabatini. Kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili, hesabu muda mara mbili, na siku ya jua ikipatikana andaa skrini za wiki nzima. Skrini iliyopakwa inakaa gizani siku kadhaa bila kuharibika, ila inavuta unyevu upya, kwa hiyo kabla ya kuitoa juani ipe saa moja nyingine ya feni.

Kuhusu hariri, jina ndilo linalowachanganya watu. Kazi hii iliitwa silki skrini kwa sababu wavu wake wa mwanzo ulikuwa hariri kweli. Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, aliyepata hataza ya njia hii mwaka 1907, alitumia hariri. Wavu unaouziwa leo ni polista, na kwa kazi yako ni bora zaidi, maana hauvimbi kwa maji, hauozi kwa dawa ya kufutia emalsheni iliyoganda, na unakubali kukazwa. Mwambie muuzaji unataka namba 43, yaani nyuzi 43 kwenye kila sentimita. Akihesabu kwa inchi ataiita 110, ni kitu kile kile. Namba hiyo inafaa fulana, na inavumilia mkono wa anayejifunza. Herufi ndogo na michoro myembamba zinataka 77, hiyo ije baadaye. Shifoni ya dukani inafanya kazi kwa herufi kubwa za darasani, lakini inalegea, na skrini iliyolegea inakupa maandishi yenye kivuli. Meshi ni mahali ambapo sikushauri kubana pesa.

Fremu mpe seremala akutengenezee mbili, ndani sentimita 35 kwa 45. Hapo utachapa mchoro wa A4 na kubaki na nafasi ya kuweka rangi pande zote. Mbao iwe imekauka kweli, pembe zikatwe nusu kwa nusu ziingiliane, na zipakwe gundi ya mbao kabla ya misumari. Ukizipokea, zilaze kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Kona ikicheza, mrudishie hapo hapo, kwa sababu fremu iliyopinda haina dawa. Paka vanishi mara mbili ili isinywe maji. Meshi ianze kukazwa katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona, mtu mmoja akivuta na mwingine akipiga stepla. Ukiipiga kwa ukucha ilie kama ngozi ya ngoma iliyotoka kwenye moto. Kisha ioshe kwa sabuni ya vyombo, maana mafuta ya mikono yetu yanaizuia dawa kushika.

Hapa kwenye dawa naomba unisikilize kama mzazi. Utauziwa aina mbili. Ya bei ya chini inakuja na unga wa rangi ya machungwa unaoitwa bikromati. Mafundi wengi tumeutumia miaka mingi, na baadhi yetu mikono yetu ina vidonda visivyopona kwa sababu yake. Ni sumu ya kromiamu, inasababisha saratani, inapita kwenye ngozi na kwa kuvutwa na pumzi, na maji yake yakimwagika uani yanabaki ardhini. Wewe una mtoto wa miaka mitatu anayecheza kwenye huo huo uani. Usiuingize nyumbani kwako hata ukipewa bure. Nunua ya daiazo. Inauzwa kopo la dawa pamoja na kichupa kidogo: unatia maji kidogo kwenye kichupa kama ilivyoandikwa, unatikisa, unamimina kwenye kopo, unakoroga taratibu, unaacha saa kadhaa mapovu yaishe. Ukishachanganya, andika tarehe juu ya kopo. Kwa joto la kwetu ihesabie mwezi mmoja nje, au kama miezi mitatu kwenye friji, ikiwa imefungwa na kufungiwa tena ndani ya mfuko, mbali na chakula na juu ambako mtoto hafiki. Vijiko na vikombe vya kazi visirudi jikoni kamwe.

Kupaka, watu wana chombo maalumu, lakini kipande cha aluminiamu cha fremu ya dirisha, kilichokatwa upana wa skrini na kulainishwa kingo kwa msasa, kinatosha. Mkupuo mmoja wa juu kwa upande wa fulana, mmoja kwa upande wa ndani, na uache hivyo. Dawa nene haiongezi ubora. Inachelewesha kukauka tu, na kukauka ndiko kunakotusumbua.

Filamu ni jambo jepesi. Steshenari yoyote yenye mashine ya leza itakuchapia kwenye plastiki angavu au karatasi ile ya wachora ramani. Iinue dhidi ya jua: ukiona mwanga unapenya kwenye herufi nyeusi, chapa mbili uzipandanishe. Karatasi ya kawaida iliyopakwa mafuta ya kupikia na kufutwa vizuri inafanya kazi pia, ila inachukua muda mrefu zaidi juani.

Tuje kwenye jua lenyewe, na hapa uko mahali pazuri kuliko wengi. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kwako mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Februari na tena baada ya katikati ya Oktoba, na hata Juni mchana linabaki juu. Unahitaji ubao, kipande cha godoro, kitambaa cheusi na kioo cheupe cha milimita 5. Godoro likatwe liingie ndani ya fremu na liwe nene kuzidi kidogo kina cha fremu, ili liisukume meshi juu iguse kioo. Lifunike kwa kitambaa cheusi. Laza fremu juu yake, upande wa fulana ukitazama juu. Weka filamu, wino ukiwa chini umegusa dawa, na ukiisoma kutoka juu herufi zisomeke kinyume. Ukiziona zimekaa sawa, umekosea, geuza. Kioo juu, vibanio kwenye kona. Yote hayo yafanyike chumbani, na kitambaa cheusi kingine kifunike wakati wa kutoka.

Pembeni ya ubao piga msumari mmoja uliosimama wima. Uani inua ubao, uugeuze taratibu mpaka kivuli cha msumari kiingie chini ya msumari wenyewe kisionekane. Hapo ubao unatazamana na jua uso kwa uso, mwanga unashuka moja kwa moja bila kupenya pembeni ya herufi. Huu msumari nauthamini kuliko vifaa vingi nilivyowahi kununua.

Muda hakuna atakayekuambia kwa uhakika, hata mimi, kwa sababu unategemea dawa yako, unene wake, filamu na kioo. Ufanyie jaribio, na skrini yako ya kwanza usiikusudie kuchapa kitu chochote isipokuwa hilo. Chapa filamu yenye mstari ule ule wa maandishi mara tano, kila mstari na herufi nene na nyembamba. Toa kitambaa, anza kuhesabu. Dakika 1 ikifika, funika mstari wa kwanza kwa kadi nyeusi. Dakika 2, sogeza kadi ifunike na wa pili. Endelea mpaka 5, funika yote, ingia ndani. Lowesha pande zote mbili haraka, subiri dakika mbili, kisha suuza taratibu kutoka upande wa fulana. Sasa pitisha kidole upande wa ndani, nyuma ya kila mstari. Panapoteleza kama bamia, mwanga haukutosha. Panapokamata vizuri na herufi nyembamba zimefunguka, ndiyo dakika yako. Palipo pagumu lakini herufi nyembamba zimegoma kutoka, mwanga umezidi. Kwenye skrini zangu, jua la saa 7, mara nyingi inaangukia kati ya 2 na 4. Kama mistari yote mitano inateleza, usiongeze muda, rudi kabatini: bado una maji ndani. Iandike dakika hiyo ukutani pamoja na mwezi, na urudie jaribio Juni na Desemba. Wingu likipita katikati ya hesabu, skrini hiyo huwezi kuiamini, kwa hiyo tazama mbingu kwanza.

Kwa kuosha, watu wa mjini hutumia mashine za kuoshea magari. Wewe nunua bomba la mgongoni la kupampu kwa mkono, lile wanalopulizia dawa mashambani. Linatoa maji membamba yenye nguvu ya wastani, halihitaji umeme, na herufi linazifungua bila kuzing'oa. Lakini liwe jipya. Usiazime la shambani hata ukiambiwa limesafishwa, dawa za mashamba hazitoki kwa suuza moja, na wewe utakuwa unajimwagia mikononi. Baada ya kuosha, kausha na uirudishe juani dakika kumi ikomae.

Meza ya kuchapia isikutoe jasho. Mlango wa zamani uliolala juu ya stuli unatosha, na bawaba mbili za kushika fremu. Chini ya kona za mbele za fremu gundisha sarafu moja moja, na upande wa bawaba uinuliwe kiasi hicho hicho, ili meshi isilale juu ya fulana. Iiguse pale tu skwiji inapopita, kisha ijiinue yenyewe nyuma yake. Bila nafasi hiyo rangi inasambaa chini na maandishi yanavimba. Skwiji ndiyo ule ubao wenye mpira wa kuvutia rangi, na mpira wake uwe wa ugumu wa kati na kingo kali. Fulana iteleze juu ya kipande cha plaiwudi kilichopakwa gundi ya maji nyembamba sana na kuachwa mpaka inate tu bila kulowesha.

Rangi anza na ya maji. Ni bainda, ule uji mweupe, na rangi kali ya kukolezea: kijiko kimoja kwa vijiko ishirini vya bainda. Ukizidisha rangi ili ikolee, bainda inashindwa kuishika na inafutika kwenye kufua. Plastisol, ile rangi ya plastiki isiyo na maji, iache kwanza. Wauzaji wataisifu kwa sababu haikauki kwenye skrini, na ni kweli, lakini inahitaji joto la karibu nyuzi 160 kupita ndani yake yote, na pasi ya nyumbani haikuhakikishii hilo. Hapa unyevu uliotutesa unatulipa, kwa sababu rangi ya maji inayoganda kwenye meshi haraka kule Dodoma, kwetu inakupa muda. Hata hivyo kila ukimaliza kuvuta, rudisha rangi ifunike mchoro wote kabla ya kuinua skrini, na feni isiipulize.

Chagua fulana za pamba tupu, nyeupe au za rangi nyepesi. Bainda ya kawaida inapitisha rangi ya chini, kwa hiyo nyekundu juu ya fulana nyeusi haitaonekana. Fulana nyeusi zinataka rangi nzito ya kufunika, mvuto mmoja, kukausha, na mvuto wa pili palepale bila fulana kusogea. Utaiweza, lakini mwezi wa kwanza zikatae oda hizo kwa heshima.

Kupiga pasi usikuone kama kumalizia kazi tu. Niliwahi kuchapa fulana 30 za kamati ya harusi. Jioni umeme ulikatika nikiwa kwenye ya kumi na mbili, na mwenye shughuli alikuwa mlangoni. Nilizikunja zote nikampa. Baada ya wiki moja akaniletea moja: jina la bibi harusi limebaki vumbi la waridi kwenye kitambaa. Nilimrudishia pesa yote, lakini harusi haikurudi. Tangu hapo kwangu kuna pasi ya mkaa pembeni ya ile ya umeme, na fulana isiyopigwa pasi haitoki mlangoni hata mwenyewe akisema atapiga kwake. Acha rangi ikauke mpaka kesho yake. Weka karatasi nyeupe juu, pasi kwenye joto la pamba bila mvuke, isogeze polepole, na kila eneo la ukubwa wa pasi lipate dakika 3 mpaka 4 kamili. Hesabu kwa saa. Fulana ya kwanza ya kila rangi mpya ioshe mwenyewe kwa sabuni ya unga na kusugua, mara tatu, kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Mifuko ni habari nyingine. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, ile ya kitambaa-plastiki iliyochukua nafasi yake imekuwa soko zuri kwa wachapaji. Ila yenyewe ni plastiki: ukiipiga pasi inayeyuka, na rangi inayoshika juu yake ni ya mafuta yenye harufu kali, inayohitaji eneo la wazi. Chumba cha uani ambako mtoto anaingia na kutoka si mahali pake. Anza na mifuko ya marikani iliyoshonwa na fundi cherehani wa jirani. Inachapwa kwa rangi hiyo hiyo ya maji na kupigwa pasi kama fulana. Wapakiaji wadogo wa korosho pia watakufuata wakitaka pakiti zenye jina. Wachapie lebo za karatasi wazibandike wenyewe, na usichape kwenye plastiki inayogusa chakula.

Kwenye laki tatu na nusu, gawanya hivi. Laki moja na nusu iende kwenye meshi, dawa ya daiazo, rangi mbili na bainda, skwiji, dawa ya kufutia skrini na nauli ya kifurushi cha basi kutoka Kariakoo. Elfu hamsini ni ya seremala, kioo, bawaba na tepu. Elfu hamsini ni fulana chache za mwanzo, na kama bomba la mgongoni litaibana, anza na chupa ya kunyunyizia ya mkono. Laki moja usiiguse. Hiyo ndiyo itakayonunua dawa ya pili baada ya kuharibu ya kwanza, na utaharibu. Wapigie wauzaji wawili watatu kabla ya kutuma pesa, bei zinatofautiana sana. Usinunue meza ya chuma ya mikono minne, usinunue mashine ya mwanga, usinunue rangi kumi.

Bei kwa mteja ijumlishe fulana, rangi, mkaa au umeme, fulana moja ya kuharibika katika kila ishirini, na saa zako. Kazi ya kutengeneza skrini itoze peke yake, kwa sababu ni ile ile kwa fulana 5 na kwa fulana 50. Malipo ya awali yafike angalau bei ya fulana tupu, kabla hujazinunua. Soko lipo: shule Januari, vikundi vya kuweka akiba mwaka mzima, na korosho zikianza kuuzwa Oktoba watu wana pesa mkononi, sherehe za unyago na harusi zinafuatana. Nembo za timu, iwe Namungo au za Kariakoo, usichape bila ruhusa ya timu, ni mali ya watu. TIN, namba ya mlipa kodi, haina malipo, na leseni uliza halmashauri mapema.

Na ukishapata wateja, weka akiba ya dawa na bainda ya wiki sita. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na vifurushi vyangu vikakwama upande wa pili nikiwa na oda ya shule mkononi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wiki hii tengeneza kabati tu, usinunue kitu kingine. Kama dawa uliyobakiwa nayo ni ya daiazo na haijapita mwezi tangu uichanganye, osha moja ya zile skrini mbili, ipake saa 3 asubuhi, ifanyie lile jaribio la mistari mitano, kisha niandikie bamia iliishia kwenye mstari wa ngapi.